Rosa Mistika na Kichwamaji nimemaliza, Nagona imenigomea. Riwaya za Euphrase Kezilahabi zisomwe kwa mpangilio gani?

MsomajiWaUsiku
Heshima kwenu wakuu. Rosa Mistika nimeifunga, Kichwamaji nikaimaliza bila taabu, nikarukia Nagona kwa kuwa ni kijitabu chembamba. Nimekwama. Nani anasimulia, yuko wapi, huyo paa anayewindwa ni nini hasa, sioni. Nifuate miaka ya kuchapishwa au kuna njia ya mkato? Na katika hizo mbili za mwanzo, kuna nilichokipita ambacho kingenifaa huku?

KabatiLaVitabu
Wembamba wa Nagona umewaponza wengi, mkuu. Tazama miaka kwanza: Rosa Mistika 1971, Kichwamaji 1974, Dunia Uwanja wa Fujo 1975, Gamba la Nyoka 1979. Halafu riwaya zinakatika miaka 11, ndipo inakuja Nagona (1990) na Mzingile (1991). Katika pengo hilo mwandishi alikuwa Wisconsin, Marekani, akapata udaktari mwaka 1985 kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliporudi kwenye riwaya alikuwa anaitilia shaka hata ile namna ya kusimulia aliyoitumia kwa Rosa. Ukimwendea na maswali ya Rosa, yaani nani kamfanya nani nini, kijiji gani, mwaka gani, hupati kitu. Majibu hayo hayakuwekwa.

Ulichokipita nadhani ni sura ya mwisho ya Rosa Mistika. Wasomaji wengi huona hadithi imeisha Rosa anapojiua, kinachofuata wanakisoma haraka kama nyongeza. Kirudie polepole. Rosa na baba yake Zakaria wako mbele ya Mungu, lawama zinarushwa huku na huku, na msomaji habebeshwi hukumu nyepesi ya kuondoka nayo. Riwaya iliyokuwa ya Ukerewe, shule na chuo inaiacha ardhi ghafla. Nagona inaanzia huko huko juu, ila haikupi zile sura za mwanzo za kukuzoesha.

Kichwamaji nayo, pitia tena mahali Kazimoto anapohoji kuwapo kwa Mungu na maana ya kuishi. Watu huzipita kurasa hizo wakiwahi kujua atafanya nini na Sabina. Kwa safari yako ndizo kurasa zenye mali.

Mtunga Mbao
Hapo kwenye kufuata miaka napingana kidogo. Dunia Uwanja wa Fujo iweke kando kwa sasa. Ni riwaya nzuri, Tumaini na mali yake, na siasa ya ujamaa inavyomkuta, lakini haikusogezi karibu na Nagona hata hatua moja. Gamba la Nyoka usiiruke. Wale wasomi wawili wanaitwa Mambosasa na Mamboleo, na majina hayo tu yanakuonyesha mwandishi ameanza kuwaacha watu wa damu na nyama na kuelekea kwenye mawazo yanayotembea kwa miguu.

Baada ya hapo usiende Nagona moja kwa moja. Pita kwenye mashairi. Kichomi (1974) ukipenda, ila Karibu Ndani (1988) kwa lazima, kwa sababu imetoka miaka miwili tu kabla ya Nagona. Hayafuati vina wala mizani, mengi ni mafupi, yasome kwa sauti. Yanalizoesha sikio kupokea picha bila kudai maelezo, na huo ndio ujuzi wenyewe Nagona inaoutaka.

Kisha Nagona yenyewe:

Mzunguko wa kwanza soma kwa mkupuo, kurasa hazifiki 100, jioni moja inatosha. Kamusi ifunge. Usipoelewa, endelea. Anayesimama kila aya anapoteza mwendo, na kwenye kitabu kisicho na visa vya kushikilia, mwendo ndio kamba pekee.

Mzunguko wa pili chukua karatasi, chora safu tatu: kitu kinachojirudia, ukurasa, nani anakiona au kukisikia. Paa, ngoma, kimya, anza na hivyo, vingine vitajitokeza. Safu ya maana USIIWEKE. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuandika kwa kalamu ya wino pembeni mwa ukurasa wa tano "paa = ukweli", halafu kila paa akitokea analazimishwa kuwa ukweli hadi mwisho. Vijitabu vya mwongozo vinafanya hivyo hivyo. Kama umeshika kimojawapo, kifunge mpaka umalize mzunguko wa pili. Paa akiwa ukweli kabla hujamwona akikimbia, huna tena sababu ya kumfuata.

MsomajiWaUsiku
Nimewasoma wakuu, asanteni sana. Swali dogo: hao kina Nietzsche, Marx na Freud wanaojitokeza humo, lazima niwasome kwanza? Na Mzingile ije lini?

KabatiLaVitabu
Marx na Freud unachokijua kwa kusikia tu kinatosha. Nietzsche mpe saa moja, mambo mawili: tangazo lake kwamba Mungu amekufa, na wazo la kila kitu kurudi tena na tena. La kwanza litakusaidia zaidi kwenye Mzingile. Chenye faida kuliko wote hao ni Biblia. Kezilahabi alipita seminari ya Nyegezi, na lugha ya kitubio, mkombozi na maangamizi anaicheza kama mtu wa ndani. Asiyeisikia lugha hiyo atadhani kila kitu kimetoka Ujerumani.

Mzingile isome mara tu baada ya mzunguko wa pili wa Nagona, usiache mwezi upite katikati. Ni mapacha. Ukichelewa, picha zinazorudi hutazitambua.

Bi Kurasa
Naongeza mawili.

Kwa maoni yangu Mzingile ni bora kuliko Nagona, na mtu aliyekwama anaruhusiwa kuanza nayo. Msimulizi wake ana safari yenye lengo, kuna Mzee anayetafutwa, kwa hiyo msomaji ana pa kuweka mguu. Najua Kabati atapinga.

La pili ni la nakala. Vitabu hivi viwili vinazunguka sana kwa fotokopi. Kabla hujaanza, kagua namba za kurasa moja baada ya nyingine, na mistari ya chini kabisa kama haikukatwa na mashine. Ukurasa ukikosekana kwenye Rosa Mistika utashtuka papo hapo. Kwenye Nagona utasoma ukapita, ukidhani ni falsafa.

Mtunga Mbao
@Bi Kurasa hiyo ya fotokopi nimecheka, lakini ni kweli tupu. Hata kurasa zilizopinduliwa wakati wa kubana pini, mtu anaziita mtindo wa kisasa.

KabatiLaVitabu
Sipingi, dada. Ila akianza na Mzingile, ile karatasi ya safu tatu aitumie huko huko, kisha ahamie nayo Nagona bila kuanza mpya. Atakachokuta kimeandikwa kwenye vitabu vyote viwili ndicho cha kukifikiria.