Naomba ushauri: tiketi ya kuzunguka dunia, viza haijatoka

Hamjambo ndugu zangu. Niko Mombasa, Tudor. Nilimkatia mamangu tiketi ya kuzunguka dunia kuanzia Nairobi: London kwa dada, New York kwa kaka, Tokyo kwa mjukuu anayesoma huko, kisha nyumbani. Safari ni baada ya wiki mbili na viza ya Marekani haijatoka.

Ajenti asema kusogeza tarehe ni bure, kubadilisha miji kuna malipo, na asipopanda ndege ya kipande kimoja cha safari bila kutoa taarifa, vipande vilivyobaki vyote vyafutwa. Hilo ndilo laninyima usingizi. Mama ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege. Akwame London?

Aliyewahi kufuta tiketi kama hii kabla ya kuondoka, alirudishiwa kiasi gani? Ama nisogeze tarehe tu, tungoje viza?