Mnaoshauri wageni wa gemu za mapenzi, mnawaharibia! Acheni kurusha majina ovyo

Wakuu habari za jioni. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa "unacheza gemu gani sasa hivi". Kule utazama ukurasa wa mia na kitu, na mimi nataka usomwe na wahusika.

Niko Mbeya, Mafiati, kwenye steshenari. Mchana wateja wakikatika nabaki na laptopu ya kazi, kuukuu, ramu GB 4. Hadithi za mapenzi ni ugonjwa wangu tangu zile za kuendelea magazetini. Sasa nikasikia kuna gemu zinaitwa vishuali noveli. Unasoma hadithi kwenye skrini, picha zipo, muziki upo, na kila hadithi inapofika pabaya unaulizwa: unamjibu nini huyu, unamsindikiza nani leo. Ukijibu hivi unaingia njia ya fulani, ukijibu vile unaangukia kwa mwingine au unaishia patupu. Hakuna kukimbizana wala bunduki. Nikasema hiki ndicho changu. Nikauliza kwenye makundi ya wachezaji, swali jepesi kabisa: mtu anayeanza, anayependa mapenzi, Kiingereza chake cha kawaida, aanze na ipi?

Majibu niliyopewa ndiyo yamenileta hapa.

La kwanza, na laiki zikamiminika: Doki Doki Literature Club. "Ya bure, nyepesi, mabinti wanne kwenye klabu ya mashairi, utaipenda dada." Ya bure ni kweli, Team Salvato waliitoa 2017 na haikudai hata senti. Ambacho hakuna hata mmoja aliyeandika ni kwamba ile ni gemu ya KUTISHA. Imevishwa nguo za mapenzi makusudi ili ikukamate hujajiandaa. Gemu yenyewe ukiifungua tu inakuonya kwamba haiwafai watoto wala watu wanaosumbuka haraka, kwa hiyo ina adabu kuliko nyie mlioipendekeza. Nilipolalamika nikaambiwa "tungekwambia tungekuharibia utamu". Utamu gani jamani? Mle ndani kuna mambo ya kujiua. Hamjui anayewauliza katoka kuzika nani juzi. Mngesema tu "ina kutisha na kujiua, jipime", hadithi isingeharibika hata kidogo.

Na kuna jambo hamlifikirii. Ile gemu inawakejeli watu waliokwisha kucheza nyingi za aina hiyo, waliozoea kwamba ukimsifia binti shairi lake anakupenda. Asiyejua mazoea hayo haoni kejeli yoyote. Anatishwa, anafunga laptopu, anaenda kuwaambia wenzake kwamba gemu za mapenzi ndivyo zilivyo.

Wa pili kaja na Clannad. Sibishi ubora wake. Ni ya kampuni ya Key, ilitoka Japani 2004, Kiingereza rasmi kikafika Steam, lile duka la gemu la mtandaoni, 2015. Lakini kuimaliza yote ni zaidi ya saa 50, na ile sehemu mnayoisifia kwamba inaliza haifunguki mpaka upitie njia za wahusika wengine kwanza. "Vumilia, mwanzo unaboa ila mbele utalia." Huyu mtu hajui hata kusevu bado! Ni sawa na kumkabidhi anayejifunza gari lori la mafuta akashuke nalo mlima Iwambi.

Wa tatu, Mystic Messenger. Hapa ndipo nilipotaka kutukana. Ni ya simu, ya kampuni ya Cheritz ya Korea Kusini, 2016. Hadithi yake inakwenda kwa saa halisi kwa siku 11: wahusika wanakutumia meseji, wanakupigia, na soga za kundi zinafunguka kwa saa zake, nyingine saa tisa usiku. Ukilala, soga imepita, na kuirudia ni kwa kulipia sarafu za humo humo. Ukikosa nyingi hadithi inakuishia vibaya. Sasa aliyeniambia "tega alamu tu" namuomba aje Mbeya mwezi wa saba, saa tisa ya usiku, atoe mkono nje ya blanketi ashike simu iliyopoa kama barafu ili amjibu kijana wa kwenye katuni. Na bando liwepo. Na umeme uwe ulirudi jioni akachaji. Ni gemu ya akili sana ile kwa mtu aliyejua anachoingia. Mimi sikuambiwa, nimegundua mwenyewe nikiwa tayari nimempenda mmoja wao.

(Kuna aliyenitajia Hatoful Boyfriend, ambako binadamu ni wewe peke yako kwenye shule ya njiwa na unatafuta mchumba humo humo. Huyo nimemsamehe, alinichekesha.)

Nikaona isiwe tabu, nikaenda dukani. Kijana mmoja Mwanjelwa anajaza flashi: "gemu za mapenzi tupu, Kiingereza". Nikalipa. Kufika nyumbani, nyingi ni Kijapani kitupu, sioni hata pa kubonyeza kuanza. Zilizobaki ni za wizi, na ndani yake zimo za watu wazima ambazo yule kijana anawajazia hata watoto waliovaa sare za shule. Kumrudia ananiambia "dada, flashi ikishatoka dukani hairudi".

Sasa nawauliza nyie wajuzi. Kulikuwa na ugumu gani kuniambia haya niliyoyachimba mwenyewe? Kwamba ipo tovuti ya VNDB, tangu 2007, bure, na kila gemu imeandikwa humo ina urefu gani, imetafsiriwa lugha zipi na ina mambo gani ndani, kutisha kukiwemo. Zile chini ya saa 2 zina kundi lake, saa 2 hadi 10 kundi lake. Anayeanza unampa za makundi hayo, anamaliza, anaonja miisho kadhaa, ndipo anajua kama anataka kulizwa kwa saa hamsini.

Kwamba gemu nyingi za Kiingereza zimetengenezwa kwa Ren'Py, programu ya kutengenezea gemu hizi aliyoianza Tom Rothamel na kuitoa 2004, na hazichagui mashine, hata hii yangu inayonguruma kama kinu haikulalamika. Kwamba humo ukizungusha gurudumu la mausi unarudi nyuma kwenye maneno yaliyopita, na ukishikilia Ctrl unayaruka uliyokwisha kuyasoma, hivyo njia ya pili haikulazimishi kusoma kila kitu upya. Kwamba unasevu KABLA ya kila chaguo, kila moja nafasi yake. Mimi nilikuwa narudia mwanzo kabisa, kila mara, huku nyie mmekaa mnajua.

Na tovuti ya itch.io. Gemu za bure zimejaa pale, lakini ukibonyeza kushusha kinatokea kidirisha cha kuomba mchango, mgeni anadhani lazima alipe, anafunga. Mstari wa kuendelea bila kulipa upo pale pale. Dakika moja ya kuandika! Ukishashusha unacheza bila intaneti, na wengi wetu huku hilo ndilo la kwanza tunalouliza. Wa Steam nao, wenye kadi, wangeambiwa kwamba gemu isipowafaa wanaweza kuomba pesa irudi ndani ya siku 14 kama hawajaicheza saa 2.

Kuhusu Kiingereza, "utajifunza humo humo" si ushauri. Mwambieni mtu kwamba maandishi yanamsubiri mpaka abonyeze, kwa hiyo akae na kamusi bila presha. Hilo linatia moyo.

Na wewe uliyeniandikia "hizi si gemu, dada nenda kaangalie tamthilia": kampuni ya Kijapani ya Koei walitoa Angelique mwaka 1994, gemu ya mapenzi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake na timu ya wanawake, Ruby Party. Miaka zaidi ya thelathini. Kama si gemu, kaanze kwa kuwaandikia wao.

Nirudi kwenye swali langu, maana hadi leo halijajibiwa. Nataka ya Kiingereza, chini ya saa 10, inayochezeka bila intaneti, mapenzi yawe mapenzi. Ukitaja jina, taja na urefu wake na kama kuna damu au kujiua. Ukitaja jina tupu nakuripoti kwa mods.