Virusi vimefutwa lakini laptopu bado inakokota: nianzie wapi?

mama_wawili_kayole
Habari za jioni wadau. Laptopu ya nyumbani ina RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10. Flashi iliyotoka kuchapishiwa fomu saiba iliingiza kile kirusi kinachoficha folda na kuweka njia za mkato mahali pake. Antivirusi ya Windows ilifuta faili tatu, sasa inasema mashine ni safi. Lakini kuwaka inachukua dakika saba, na Task Manager inaonyesha diski iko asilimia 100 kabla sijafungua chochote. Kivinjari nacho kinakataa mtandao, ilhali simu kwenye WiFi hiyo hiyo inafungua vizuri. Humo kuna kazi za shule za watoto na picha za miaka mingi. Fundi wa mtaani anasema dawa ni kufomati tu. Ni kweli hakuna njia nyingine?

fundi_wa_diski
Mama Wawili, kwanza usiskani tena. Skani nzima inasoma kila kona ya diski, na kama diski yenyewe inakufa, saa tatu za kusomwa hivyo zinaweza kuimaliza na picha zikaenda nayo.

Fungua Task Manager, sehemu ya utendaji, bofya diski, utazame namba mbili: kasi ya kusoma na muda wa kujibu. Ikiwa iko asilimia 100 huku ikisoma MB 60 au 80 kwa sekunde, kuna programu inayoifanyisha kazi kweli. Ikiwa iko asilimia 100 lakini inasoma MB 1, na muda wa kujibu ni maelfu ya milisekunde, diski inahangaika na sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski vilivyoharibika.

Kisha weka CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ni ya bure na ni nyepesi. Pakua kwa kompyuta nyingine ulete kwa flashi safi. Mistari ya kuangalia ni 05 (sekta zilizohamishwa), C5 (zinazoshukiwa) na C6 (zisizosomeka). Utuandikie thamani ghafi za hiyo mitatu. Angalizo: programu hiyo huziandika kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16), kwa hivyo 10 ya hapo ni 16.

kibodi_ya_south_b
Hilo la kivinjari halitoki kwenye diski. Virusi vingi huelekeza mtandao wote upitie programu yao humo humo kwenye mashine, anwani 127.0.0.1. Antivirusi inafuta programu, lakini mpangilio unabaki, kwa hivyo kivinjari kinabisha mlango usio na mtu. Ingia mipangilio ya mtandao, tafuta proksi (huo mpangilio wa kupitisha mtandao kwa programu nyingine), zima ile uliyowekewa. Sekunde ishirini na mtandao unarudi.

Mabaki mengine ni kazi zilizoratibiwa. Faili ya .vbs (hati ya amri iliyobeba kirusi) imekwenda, lakini Windows bado inaamriwa kuiita kila dakika chache. Tumia Autoruns ya Microsoft, inayoorodhesha kila kinachojiwasha chenyewe: mistari ya manjano ni ile inayoita faili ambayo haipo tena, na yoyote inayotaja wscript.exe (programu ya Windows inayoendesha .vbs) pamoja na jina la ajabu ndiyo ya kutiliwa shaka. Ondoa alama ya tiki kwanza, usifute, mpaka uwashe mashine na kuona iko sawa.

Jambo ambalo mafundi wengi hulipita: fungua orodha ya folda ambazo antivirusi imeambiwa isiziguse. Kirusi kikiongeza C:\ nzima humo, jibu la "mashine ni safi" halina maana yoyote. Orodha hiyo futa, ndipo skani ile ya nje ya Windows, inayowasha mashine upya na kuchukua kama dakika 15. Chaja iwe imechomekwa, stima isije ikakukatia katikati. Lakini haya ya kuskani ni baada ya fundi_wa_diski kuridhika.

mama_wawili_kayole
Asanteni sana. Proksi ilikuwa imewashwa, nimezima, mtandao umerudi. 05 ni 0, C5 ni 18, C6 ni 18. Diski inasoma MB 0.9, muda wa kujibu milisekunde 4,200.

fundi_wa_diski
18 hiyo ni sekta 24. Pole, Mama Wawili, lakini hapa kirusi si mkosaji mkuu tena. Usiendeshe sfc wala chkdsk (amri za Windows za kukagua na kurekebisha faili na diski) kwenye diski hii. Leo hii nakili picha, .docx na .pdf pekee kwenye diski ya nje, ukianza na zisizopatikana kwingine. Faili ikigoma, iruke uendelee. Usihamishe .exe (programu), .vbs wala .lnk (njia za mkato).

Kisha nunua SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, GB 256 inatosha, na uweke Windows upya kutoka flashi ya GB 8 iliyotengenezwa kwa programu ya Microsoft yenyewe. Usihamishe mfumo wa zamani jinsi ulivyo, utabeba mabaki yote. Leseni iliyokuja na laptopu kwa kawaida hukaa kwenye ubao mama, kwa hivyo usikubali kuwekewa programu haramu ya kuamilisha Windows bila leseni ("crack"), hasa kile kinachokutaka uzime antivirusi. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize fundi kama prosesa yako inakubali Windows 11.

kibodi_ya_south_b
Na nywila zibadilishe kwa simu, si kwa laptopu hiyo: barua pepe kwanza, kisha eCitizen na iTax, halafu utoke kwenye vifaa vyote.

Ile flashi nayo isiguse SSD mpya kabla haijasafishwa. Usibofye njia za mkato, maana kubofya ndiko kunakokiamsha kirusi. Kwenye mashine yenye antivirusi hai fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), na kama flashi ni E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda za kweli zitajitokeza. Nakili zako, kisha fomati flashi. Hiyo ndiyo ya kufomati.