Mjadala: Mwajiri anunue programu ya kupunguza msongo, au arekebishe zamu kwanza?

Mleta mada (rasilimali watu, Dar es Salaam)

Tuchukue mfano mmoja ili tusibishane hewani. Kituo cha huduma kwa wateja kina wahudumu wa simu 120, zamu tatu, watu 40 kila zamu. Ruhusa za ugonjwa zinaongezeka na watu wanaacha kazi kabla ya kutimiza mwaka. Menejimenti imeletewa programu ya simu janja yenye mazoezi ya kupumua, sauti za kutuliza akili, dodoso la msongo na shajara ya hisia. Tuseme bei ni shilingi 10,000 kwa mtu kwa mwezi, yaani milioni 1.2 kila mwezi. Fedha hiyo iende huko au kwingine?

Msimamo wangu ni kwamba inunuliwe. Kubadili mfumo wa kazi huchukua miezi, na huyu anayelia chooni baada ya kutukanwa na mteja anahitaji kitu leo.

Katibu wa tawi, chama cha wafanyakazi

Ndugu Mleta mada, umetaja dawa kabla hatujaambiwa ugonjwa. Robert Karasek, mtafiti wa msongo wa kazini, alilieleza jambo hili tangu 1979: kazi huumiza zaidi pale inapodai mengi huku mfanyakazi hana uhuru wa kuamua lolote. Mtazame mhudumu wa simu. Simu inaingia yenyewe, maneno ya kusema ameandikiwa, sekunde zinahesabiwa, na kwenda msalani mpaka aombe. Programu haigusi hata kimoja kati ya hivyo vinne.

Anzeni na mipangilio ya mfumo wa simu. Kuna muda unaowekwa kati ya simu moja na inayofuata, na vituo vingi huuweka sifuri ili foleni isirefuke. Uwekeni sekunde 30. Anayepokea simu 60 kwa zamu atapata dakika 30 za kuandika taarifa za mteja aliyeondoka, kunywa maji na kushusha pumzi. Kisha pimeni sehemu ya zamu ambayo mhudumu yuko na mteja. Ikikaa juu ya asilimia 85 siku nzima, msishangae watu wakiugua.

Baada ya hapo chukueni rosta, yaani ratiba ya zamu, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano ana haki ya mapumziko ya dakika 60. Kati ya siku moja ya kazi na nyingine apate saa 12 mfululizo. Saa za ziada zisizidi 50 ndani ya wiki nne. Mtu aliyetoka saa 4 usiku na kupangwa tena saa 12 asubuhi amepewa saa nane tu, na ndani ya hizo nane kuna daladala mbili za kwenda na mbili za kurudi. Huyo mnataka kumfundisha kupumua?

Mleta mada

Katibu, rosta nakubali. Ila sekunde 30 hazitoki bure. Dakika 30 mara watu 40 ni saa 20 kwa zamu moja. Ukitoa mapumziko, mtu mmoja hutoa saa saba za kazi, kwa hiyo unahitaji watu watatu zaidi kila zamu, tisa kwa siku. Milioni 1.2 haiajiri watu tisa. Usipowaajiri foleni inarefuka, wateja wanaingia wakiwa wamekasirika zaidi, na msongo unarudi kwa mlango mwingine.

Katibu wa tawi

Hesabu yako ni sahihi, ila umeifanya kana kwamba saa zote zinalingana. Weka sekunde 15 saa za msongamano na 45 saa za utulivu. Halafu fungua sababu za simu. Katika kila kituo kuna kundi la wateja wanaopiga mara ya pili na ya tatu kwa tatizo lile lile, kwa sababu mhudumu hana mamlaka ya kurudisha hata shilingi 2,000 bila msimamizi. Mpe mamlaka hayo mpaka kiasi fulani, na simu za marudio zitapungua. Hapo umepunguza kazi na umeongeza uhuru kwa pamoja. Hilo ndilo alilokuwa akilisema Karasek.

Mwanasaikolojia wa kazi, Nairobi

Niweke ushahidi mezani, maana pande zote mbili zina cha kushikilia.

Wa kwanza unampa nguvu Katibu. William Fleming, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, alichapisha mwaka 2024 uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 kutoka mashirika 233 ya Uingereza. Waliotumia huduma zinazomlenga mtu binafsi, zikiwemo programu za simu, mafunzo ya ustahimilivu na ya umakinifu (kuelekeza akili kwenye kinachotokea sasa), hawakuwa na hali bora kuliko wenzao ambao hawakuzitumia. Kujitolea katika kazi za kijamii pekee ndiko kulikoonyesha dalili nzuri.

Lakini msiusome zaidi ya ulivyo. Uchambuzi ule ulilinganisha makundi kwa wakati mmoja, haukuwagawa watu kwa kura. Inawezekana waliokimbilia programu ni wale waliokuwa hoi tangu mwanzo. Na lipo jaribio la kura: Bostock na wenzake, 2019, wafanyakazi 238 wa kampuni mbili za Uingereza, waliopewa programu yenye masomo 45 ya kutafakari ya dakika 10 hadi 20. Baada ya wiki nane kundi la programu lilikuwa na nafuu ya dhiki na ya mkazo wa kazi kuliko kundi lililokuwa bado linasubiri kupewa. Hao walikuwa watu wa hiari, wenye muda na nafasi ya kusikiliza. Mhudumu asiye na dakika kumi zake mwenyewe hafanani nao.

Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautaja uchovu wa kazi uliopitiliza (burnout) kuwa jambo la mahali pa kazi, wala haliuiti ugonjwa. Maana yake ni msongo sugu wa kazini ambao haukudhibitiwa. Mwongozo wake wa Septemba 2022 unapendekeza mabadiliko ya shirika, mafunzo kwa wasimamizi, na msaada kwa mtu binafsi. Programu inaingia katika hilo la tatu. Kosa ni kununua la tatu ili uyakwepe mawili ya kwanza.

Tena kuna kazi ambazo programu isiguse kabisa peke yake. Hati zilizofikishwa mahakamani hapa Nairobi mwishoni mwa 2024 zilieleza kwamba zaidi ya watu 140 waliokuwa wakipitia maudhui ya Facebook waligundulika kuwa na maradhi yatokanayo na kiwewe. Mtu aliyeshinda akitazama video za mauaji anahitaji mtabibu, saa chache za kutazama, na haki ya kusema hapana. Sauti ya mawimbi ya bahari sikioni haimfikii.

Msanifu wa programu

Mimi hutengeneza vitu hivi na ninaviamini vikijengwa vizuri. Lakini sitaficha namba inayotuumiza. Baumel na wenzake mwaka 2019 walipima matumizi halisi ya programu za afya ya akili. Siku ya 15 tangu kuipakua, waliokuwa bado wanaifungua walikuwa asilimia 3.9, na siku ya 30 asilimia 3.3. Kwa kiwango hicho, kati ya watu wako 120 watabaki wanne mwezi ukiisha. Kwa hiyo Mleta mada, usilipe kwa kichwa. Dai mkataba wa kulipia waliofungua zoezi angalau mara nne ndani ya mwezi. Muuzaji akikataa, umeshajua anachokiamini kuhusu bidhaa yake.

Kwa nini watu huacha? Kwanza bando. Sauti ya dakika kumi iliyobanwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni takriban megabaiti 4.8, na picha za video huweza kufika mara kumi ya hapo au zaidi. Kwa hiyo iwe sauti tupu, ipakuliwe mara moja kwa Wi-Fi ya ofisi, ichezwe bila intaneti. Pili, simu nyingi za bei nafuu hufunga programu ili kutunza betri, hivyo arifa ya saa 8 mchana haifiki. Mtumiaji aelekezwe siku ya kwanza kuiondolea programu hiyo kizuizi cha betri. Tatu ni lugha. Sauti iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kizito cha kitabuni inamfanya msikilizaji ahisi anasomewa tangazo la serikali.

Na la nne mnalisahau: vituo vinavyoshika taarifa za kadi za benki huzuia simu kuingia ukumbini. Programu inabaki kwenye kabati. Katika mazingira hayo afadhali zoezi la dakika tano lipachikwe kwenye kompyuta ya chumba cha mapumziko.

Nesi msimamizi wa wodi

Naona wanaume mnagombania sheria na bando, na hakuna aliyesema zoezi lenyewe lifanyweje. Likifanywa vibaya linaongeza hofu.

Vuta hewa kwa pua ukihesabu nne, toa taratibu ukihesabu sita. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika, pumzi 30 kwa dakika tano. Siri iko kwenye kutoa. Wengi wakisikia "vuta pumzi ndefu" huvuta kwa nguvu na haraka, wanapoteza kaboni dayoksaidi nyingi, kisha midomo na vidole vinawasha na kichwa kinazunguka. Wanadhani wanakufa. Dawa ni kuvuta hewa kidogo zaidi na kurefusha kutoa. Asibane pumzi mtu mwenye ujauzito au shinikizo la damu. Aliyepitia ukatili asilazimishwe kufumba macho. Afungue macho, akanyage sakafu kwa nyayo zote, ataje vitu vitano anavyoviona. Programu nyingi hazina njia hiyo ya pili. Mwulizeni muuzaji.

Na wakati wake ni kabla ya kurudi kwenye kazi inayofuata, dakika mbili au tatu. Kumtumia nesi wa zamu ya usiku arifa saa 3 asubuhi, ndio kwanza amelala, ni kumnyima usingizi, na usingizi ndio dawa aliyoihitaji kuliko zote.

Wakili wa faragha

Dada Nesi amesema ya mwili, mimi naongeza ya taarifa. Shajara ya hisia ni taarifa ya afya. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinaihesabu taarifa ya afya kuwa nyeti. Msidhani hatari ni ya kufikirika. Mwaka 2023 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka BetterHelp, kampuni ya ushauri nasaha mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za watumiaji kwa Facebook, Snapchat na wengine kwa ajili ya matangazo.

Mtego wa hapa kwetu ni ripoti kwa mwajiri. Wanasema haina majina. Lakini timu ya watu sita, mmoja ana msongo mkubwa, kila mtu anamjua. Wekeni kiwango: hakuna ripoti ya kundi chini ya watu kumi. Hata hapo angalieni. Mwezi huu kundi lina watu 11, mwezi ujao 10 baada ya mmoja kuacha kazi, na ukizidisha kila wastani kwa idadi ya watu wake kisha ukatoa jumla moja kwa nyingine, unakaribia kupata alama zake yeye peke yake, hasa kama za wengine hazijabadilika sana. Ripoti itoke kila robo mwaka, kwa kituo kizima. Na usajili ufanywe kwa namba ya siri, usipitie barua pepe ya kazini.

Mwanasaikolojia wa kazi

Wakili amenikumbusha madodoso. PSS-10, dodoso la msongo, ina maswali kumi, alama 0 hadi 40, na inauliza kuhusu mwezi uliopita, kwa hiyo programu inayoituma kila wiki inapima mabadiliko yasiyo na maana. Maswali manne kati ya kumi huhesabiwa kinyume. Msanifu akisahau hilo, aliye na nafuu anaonekana mgonjwa. PHQ-9 nayo, dodoso la sonona, swali lake la tisa linagusa mawazo ya kujidhuru. Kama hakuna binadamu wa kulijibu usiku ule ule, msiliweke.

Mleta mada, jaribu kwa miezi mitatu. Nusu ya timu zipate sekunde 30 na rosta iliyonyooshwa, nusu zipate hayo pamoja na programu. Gawa kwa kura za timu, usigawe kwa zamu, maana usiku si sawa na mchana. Pima PSS-10 mwanzoni na mwishoni, na siku za ugonjwa kila mwezi.

Mleta mada

Hapo nimesogea. Rosta na sekunde kwa wote, programu kwa nusu, malipo kwa watumiaji halisi. Fedha itakayobaki ilipie wahudumu wa akiba wa saa za msongamano.

Katibu wa tawi

Nitalipeleka kwa wanachama kwa sharti moja liandikwe: miezi mitatu ikiisha, sekunde zisirudishwe sifuri kabla mkutano wa tawi haujaona takwimu zenyewe.