Tupeane uzoefu: kamera za watoto na picha za vibokisi

Papa Himbi
Wana Goma, tupeane uzoefu. Mwaka 2019 nilimnunulia kijana wangu kamera ya plastiki pale Birere, mtaa wetu wa biashara. Boksi lilisema megapikseli 20, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 20. Usiku uleule akapiga video ya mwanga wa Nyiragongo, volkano yetu, ziwa la lava lilikuwa bado linawaka. Kuiweka kwenye televisheni: vibokisi vyeusi vinachezacheza, katikati doa la chungwa. Mama watoto akauliza, "Hiyo ni nyanya?"

Fundi wa Birere
Nyanya! Papa, hizo 20 ni za boksi. Nimefungua nyingi za aina hiyo, ndani nakuta kihisi, kile kipande kinachopokea mwanga, cha pikseli 640 kwa 480, yaani 307,200 tu. Zinazobaki programu inazibuni, inakadiria kati ya pikseli na jirani yake. Hata rangi ni za kuazima: kila pikseli inaona moja tu, nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Usiku mwanga ni haba, basi kamera inakuza kile kidogo ilichopata, na chengachenga zinakua pamoja nacho. Halafu kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inabanwa kivyake ili ipungue ukubwa, kama picha ya JPEG, kwa vipande vya pikseli 8 kwa 8: ndivyo vibokisi vyako. Simamisha video, uivute karibu, uhesabu.

Papa Himbi
Nimehesabu. Nane kweli.

Yaya Katindo
Mimi nilipiga video ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, inateremka na magunia ya makala. Magurudumu yakatoka kama mayai, na mwenye chukudu amelala upande. Alipoiona akakasirika, eti namchora mlevi!

Fundi wa Birere
Mwombe radhi, yaya. Kihisi kinasomwa mstari kwa mstari toka juu. Kikifika chini, chukudu imeshasogea, ndiyo maana inatoka imepinda.

Kaseti 90
Nyinyi wote mna kadi ya memori. Mjomba alituletea toka Marekani PXL-2000, kamera ya watoto ya kampuni ya Fisher-Price, ile ya 1987 inayorekodi video kwenye kaseti ya kawaida ya redio. Nyeusi na nyeupe, pikseli 120 kwa 90, fremu 15 kwa sekunde. Picha inaandikwa kwenye njia moja ya stirio, sauti kwenye nyingine. Lakini picha ina mengi ya kuandika kuliko sauti, kwa hiyo mkanda unakimbizwa kama mara tisa ya kawaida: kaseti ya dakika 90, upande mmoja unaisha kwa dakika tano hivi! Tulitazama kwa jirani, televisheni yake ndiyo pekee mtaani iliyokubali mfumo wa Marekani.

Siku moja tukatia kaseti hiyo kwenye redio. Ikanguruma tu, zzzrrr, kama mashine ya kusaga unga. Kumbe ndiyo sura ya shangazi hiyo, inasikika.

Mama akaja mbio kutoka jikoni kuuliza kwaya yake imekwenda wapi. Ilikuwa kwenye kaseti hiyohiyo. Mpaka leo ananidai.