MJADALA: Waogiek walishinda kesi Arusha. Mbona Mau bado si yao?

Mtoa mada

Wadau, tulijadili hili bila matusi ya kikabila, maana mada ya Mau haikawii kuchafuka.

Waogiek ni jamii ya wawindaji na warina asali wa Msitu wa Mau, Kenya. Oktoba 2009 shirika la misitu la serikali, KFS, liliwapa siku 30 wawe wametoka humo. Mwezi uliofuata mashirika ya kutetea jamii za wachache, CEMIRIDE na Minority Rights Group, yalikuwa yameshafikisha malalamiko kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2012 Tume ikaipeleka kesi Mahakama ya Afrika, Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 Kenya ikaonekana imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Hukumu ya fidia ikaja 23 Juni 2022: Sh57,850,000 kwa hasara ya mali, Sh100,000,000 kwa machungu, na agizo zito kuliko pesa zote hizo, kwamba serikali ikae na Waogiek, ipime ardhi ya mababu zao, iweke mipaka na itoe hati ya pamoja.

Novemba 2023, nyumba za Waogiek zikabomolewa Sasimwani, Narok. Hata miaka miwili haikuwa imepita tangu agizo.

Nauliza basi: hizi kesi za mbali zinalinda ardhi, au zinatuletea karatasi ya kutundika ukutani? Mimi nasema zinalinda, lakini mawakili wanashuka kwenye matatu kabla ya stendi.

Kilichopatikana si kidogo. Kwa miaka serikali ilikuwa na jibu moja tu: tunawatoa ili kuokoa chemchemi. Majaji walipopima ushahidi, ukiwemo wa serikali yenyewe, wakaona msitu umeliwa na wavamizi wengine, na makazi yaliyogawanywa na serikali, na vibali vya kukata miti. Nani kasahau 2001, ilipotangazwa kwamba takriban hekta 67,000 za misitu ya Kenya, nyingi zikiwa za Mau, zitamegwa? Anayerina asali anataka mti uendelee kusimama.

Kilichokosekana ni kazi ya baada ya hukumu. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inahesabu ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kijadi na jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inaeleza namna ya kuisajili. Lakini kifungu cha 62 kinaiweka misitu ya serikali kwenye ardhi ya umma, na wizara imeng'ang'ana hapo. Mvutano huo unataka mpima ardhi, orodha ya familia, na mtu wa kwenda ofisi ya ardhi kila Jumatatu mpaka karani amchoke.

Wa Njoro

Unaandika vizuri lakini huishi huku chini. Mito ya Mara, Sondu, Njoro, yote inatoka Mau. Mwogiek wa leo ana viazi na ng'ombe kama mimi. Habari za mizinga mnawapambia wafadhili. Na hiyo hati ya pamoja! Ranchi za pamoja za Kajiado tuliziona. Zilipogawanywa watu wakauza, leo mtu anachungulia ua wa tajiri kutoka mlangoni kwake.

Mtoa mada

Kwa ranchi umenishika. Sheria ya 2016 inataka theluthi mbili ya wanajamii wazima waliosajiliwa wakubali kabla ardhi haijauzwa, ila sitajifanya sijui kura inavyonunuliwa. Kwa viazi sikubali. Wewe hulimi kwa jembe la babu yako, na hati yako hakuna anayeigusa.

Kigingi, Arusha

Wakuu, huku kwetu hata neno "jamii ya asili" serikali hailitaki. Jibu ni kwamba Watanzania wote ni wazawa. Vijiji vinne vya Wamasai wa Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, vilienda Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2017 kupinga watu wao kuondolewa. Tarehe 30 Septemba 2022 vikashindwa, ushahidi ukaonekana hautoshi kuonyesha kuwa watu waliondolewa ndani ya ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Novemba 2023 rufaa ikafuta uamuzi huo, kesi ikarudishwa isikilizwe upya. Sawa, tumeshangilia. Lakini Juni 2022, kesi ikiwa bado mezani, vigingi vya mpaka vilishasimikwa kuzunguka kilomita za mraba 1,500 za Loliondo. Kigingi hakisubiri rufaa. Kwa hiyo nakubaliana na mtoa mada nusu: ramani itangulie wakili, isimfuate.

Msaidizi wa kisheria, Nakuru

Mnatupiga bure. Mahakama ya Arusha haina askari wa kumtuma Narok. Na niwaambie siri ya kazi yetu: pesa ya kufungua kesi hupatikana, pesa ya kukaa miezi sita chini ya mti na wazee haipatikani. Na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Waogiek waligawana msitu kwa koo. Kila ukoo na ukanda wake, konoito, unaopanda kutoka chini hadi juu ili asali ifuatwe maua yanapochanua. Mipaka yake ni mito na migongo ya vilima. Wanaoijua kwa majina ni wazee, na wazee wanatutoka. Mzee mmoja alinitembeza siku nzima, tukafika kwenye shamba la chai, akasimama katikati ya mistari akaniambia, "Hapa palikuwa na mzinga wa baba." Hilo nilichukue nilipeleke kwa jaji gani?

Mtoa mada

Lipeleke kwa mpima ardhi, dada. Jaji alishasema lake.

Wa Njoro

Haya, ileteni hiyo ramani niione. Ila mniandikie pembeni: maji yangu yakipungua ukoo ukiwa na hati, nimlalamikie nani, wazee au KFS? Kwa sasa KFS simu hawapokei.