Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: tuanzie wapi?

Wakuu, tuko vijana watano, mafundi cherehani, Temeke. Tunataka huu mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Tunaanzia wapi?

— Kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, si benki. Bebeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wote, namba za NIDA na barua ya mtendaji wa mtaa. Akaunti ya kikundi hufunguliwa baada ya usajili. Mgawo wa hiyo asilimia 10: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Riba hakuna.

— Wengi hukwama kwenye andiko la mradi. "Kununua vifaa" haitoshi: taja cherehani ngapi, bei ya kila moja, ambatanisha proforma (ankara ya bei kutoka kwa muuzaji). Jina la akaunti lifanane na la kwenye cheti cha usajili, herufi kwa herufi.

— Na mwanachama wa kujazia namba msimweke, jamani. Akitoweka, deni linabaki kwa kikundi.